Paa la Siku Moja

Ndege ilipoanza kushuka Detroit nilibandika uso dirishani nikitafuta mng'ao. Mtu akitua Dar es Salaam mchana, mabati humpokea kabla ya kitu kingine chochote. Yanametameta huku na huku mpaka macho yanauma. Huku nyumba zilikuwa nyingi vilevile, lakini mapaa yake yalikuwa meusi, ya kijivu na ya hudhurungi, yamelinyonya jua lote wala hayarudishi hata chembe. Nimepaua nyumba Morogoro kwa miaka 22. Paa la lami nilikuwa sijalikanyaga hata siku moja.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza nje ya Afrika. Dada yangu aliolewa na kijana wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, na hatimaye familia ikahamishiwa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Sasa wana nyumba yao, na nyumba hiyo ilikuwa inavuja. Shemeji mwenyewe ni fundi paa, kwa hiyo aliipanga kazi ile iangukie Jumamosi nitakayokuwapo, yeye na wenzake wanne wa kanisani.

"Utaona, shemeji," aliniambia garini, katika mwendo wa kama kilomita 250 kutoka uwanja wa ndege. "Asubuhi tunabomoa, jioni tunakunywa chai chini ya paa jipya."

Sikumwamini. Nyumba ya ukubwa ule mimi naipaua kwa siku nne, na hapo kenchi zimeshasimama.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi walikuwa juu, kila mmoja amefungwa mkanda wa usalama wenye kamba iliyoshikwa kwenye mgongo wa paa. Vigae vya zamani waliving'oa kwa sepetu zenye meno, vikawa vinaporomoka kwenye maturubai waliyoyatandaza pembeni mwa ukuta. Saa nne lori likafika likiwa na mkanda mrefu unaopandisha mizigo, likapakia mafurushi 54 juu ya paa. Wao hupima paa kwa skwea, yaani futi 100 za mraba, kama mita za mraba 9.3, na mafurushi matatu hutosha skwea moja. Nyumba ya dada ilikuwa skwea 18. Furushi moja lina kilo 30 na ushei. Nilimfikiria kijana wangu wa Morogoro, saidia fundi, akipanda na kushuka ngazi mara 54 na mzigo ule begani. Ingekuwa jioni kabla haujapigiliwa msumari hata mmoja.

Jambo ambalo shemeji mwenyewe alikuwa halijui, nililisoma kabla ya safari: kigae hiki cha lami kilizaliwa mji uleule anaoishi. Mwaka 1903 hivi, mpauaji wa Grand Rapids aitwaye Henry M. Reynolds alichukua karatasi ya lami iliyonyunyiziwa chenga za mawe, ile iliyokuwa ikiuzwa kwa marobota, akaikata kwa mkono vipande vya inchi 8 kwa 12 na ushei. Robota hutandazwa upesi lakini halipendezi. Vipande vilipendeza, ila vilikuwa vingi na vidogo. Tangu hapo watu wa fani hii wamekuwa wakikiongeza ukubwa kile kipande bila kuuharibu uzuri wake. Kikaja kigae kirefu chenye mikato miwili, macho yakikitazama yanaona vigae vitatu, kumbe ni kimoja cha inchi 36. Vinahitajika 80 kwa skwea. Kile tulichokuwa nacho siku ile kina urefu wa mita moja, nacho huingia kama 65. Kwa misumari minne kila kimoja, hiyo ni misumari 60 pungufu kwa kila skwea, na hakuna aliyeongeza mbio za mkono wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ile siku moja inatoka wapi.

Nilipewa kazi ya chini: kufungua mafurushi machache ya ziada yaliyobaki uani na kuandaa vipande vya kuanzia mistari. Nikageuza kigae cha kwanza, nikakuta nyuma yake utepe mwembamba wa plastiki umebanduka kidogo ukingoni. Nikauchambua kwa kucha mpaka ukatoka wote. Nikachukua cha pili. Nilikuwa nimeshabandua saba, mmoja baada ya mwingine kwa uangalifu wote, shemeji aliposhuka ngazi.

"Shemeji, hiyo haitolewi."

"Si ndiyo inayofunika gundi?"

"Gundi iko kwenye kigae, utepe uko kwa ajili ya kigae jirani. Humo kwenye furushi vimelaliana; bila utepe vyote vingekuwa tofali moja. Ukikipigilia, gundi inaangukia mahali pengine kabisa pasipo na utepe, jua linaiyeyusha, vinashikana wenyewe."

Nilikaa nikakitazama kile kitu. Mtu fulani kiwandani alifikiria dakika ambazo ningezipoteza mimi, ambaye hakunijua, akauweka utepe mahali ambapo hautamzuia mtu. Kigae 1, sekunde 10. Paa zima lina vigae zaidi ya 1,100. Zidisha. Ni zaidi ya saa tatu za kazi ambayo haipo kwa sababu mtu aliifikiria mapema.

Vile vipande vya kuanzia nilivikata kwa kisu chenye ncha iliyopinda kama ndoana, nikikata kwa upande wa nyuma. Ukikata kwa mbele, zile chenga za mawe zinakula makali baada ya vigae viwili tu. Kila mstari huanza kwa kipande kifupi kuliko kilichotangulia, kama inchi 6, ili viungo visikutane na maji yasipate njia. Ukishaipanga ngazi hiyo mara moja, fundi hapimi tena. Anasukuma kigae kiguse mwenzake, anashusha ukingo wake mahali kile cha chini kinapoonyesha, anapiga.

Misumari ndiyo iliyonifanya nipande juu. Shemeji aliniita nione vigae vichache vya zamani alivyokuwa ameviacha makusudi karibu na bomba la moshi. Vilikuwa vimeteleza kama kiganja kizima. Waliopaua kabla ya dada kununua nyumba walikuwa na haraka mbaya: misumari yote ilikuwa juu ya mstari. Vigae vya aina hii vina tabaka mbili zilizogandishwa, na kuna ukanda mwembamba tu ambamo tabaka zote mbili zinapitiana. Msumari ukiingia humo unashika tabaka mbili na pia ukingo wa kigae kilicho chini. Ukipanda juu kidogo unashika tabaka moja tu, na baada ya majira kadhaa ya joto na barafu ile ya chini inaachia, inateremka. Nilikitia kidole kile kigae kilichoteleza, kikatoka kama jino bovu. Miaka yote ile dada alikuwa akitega ndoo chumbani kwa watoto.

Zamani ukanda huo ulikuwa kama upana wa kidole, na fundi mwenye bunduki ya misumari anayepiga mfululizo aliukosa mara nyingi. Sasa viwanda vimeupanua. Owens Corning waliweka ukanda wa kitambaa kigumu mahali pa kupigilia. GAF nao wakachora eneo pana la kulengea. Vigae vya dada vilikuwa na ukanda wa vidole viwili, unaoonekana hata jicho likiwa limechoka. Shemeji hakupunguza mwendo hata mara moja, na nilipoinua ukingo wa kimoja hapa na kingine pale, kila msumari ulikuwa ndani, kichwa chake kikiwa sawasawa na uso wa kigae. Upepo wa kompresa ukizidi, kichwa kinachana kigae. Ukipungua, kinabaki kimesimama na kukitoboa kigae cha juu yake. Alikuwa akiurekebisha kadiri jua lilivyopanda na lami kulainika.

Kwenye bomba la moshi haraka yote ilikwisha. Kila mstari unapolifikia, kipande cha bati kilichokunjwa kinawekwa, nusu ukutani, nusu juu ya kigae, kisha kigae kinachofuata kinakilalia. Saa moja na nusu kwa eneo lisilozidi meza mbili. Nilimuuliza habari za watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walioifungia droni ya rafadha 8 bunduki ya misumari, nayo ikapigilia vigae. Alisema anaiheshimu kazi ile. "Lakini kupiga misumari kulishakuwa kwepesi, shemeji. Waniletee atakayenisaidia hapa."

Nakubaliana naye, na tangu nirudi nawaza mabati yetu. Ningependa kiwanda kilipige kila bati mstari mmoja wa rangi kuonyesha bati la juu liishie wapi juu ya la chini. Nusu ya mivujo ninayoitwa kurekebisha hutoka hapo tu, kwa fundi kijana aliyekadiria kwa jicho jioni.

Saa kumi na moja na nusu kofia ya mwisho ilipigiliwa mgongoni mwa paa. Dada alikuwa ameshachemsha chai. Mpwa wangu wa miaka 6, anayecheza pekupeku kwenye majani yale kila siku, alikabidhiwa sumaku ndefu yenye magurudumu aizungushe nyumba yote. Alirudi nayo imeota misumari kama nungunungu.

"Mjomba, kuna mingine chini ya dirisha la mama."

Tukaikung'uta ndooni, tukaanza tena upya kutoka upande wa geti, safari hii polepole.