Kumuua Sherlock Holmes si mchezo!

Wapo wanaodhani mtunzi wa hadithi ni bosi. Anaamka asubuhi, anaamua huyu aoe, yule afe, basi. Thubutu! Mimi ambaye kila wiki natakiwa kupeleka kwa mhariri sehemu moja ya hadithi ya kuendelea nakwambia mtunzi ni mpangaji tu. Nyumba ina wenyewe.

Chukua mzee mzima Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Scotland aliyemtunga mpelelezi Sherlock Holmes. Kitabu cha kwanza kilitoka 1887, lakini moto uliwaka 1891, visa vilipoanza kutoka kwenye jarida la The Strand la London. Jina likapanda, mshiko ukaingia. Na jamaa akachoka! Ndoto yake ilikuwa riwaya nzito za historia, za mashujaa wa kale na mapanga yao, akaona huyu mpelelezi na kiko chake anamlia muda. Mwaka huohuo akamwandikia mama yake kwamba anataka kummaliza. Bi mkubwa akaja juu, akakataa katakata, tena akampa wazo la kisa kingine. Kijana akanywea.

Hapo nilicheka peke yangu. Hadithi yangu niliipanga iwe na sehemu kumi. Shujaa wangu, kondakta wa daladala, afe ya kumi, halafu mimi nigeukie kitabu ambacho ninacho kichwani tangu nimalize kidato cha nne. Sasa mama yangu si mtu wa magazeti, ila hadithi hii mdogo wangu humsomea kila Jumamosi huku yeye anachambua mchele. Aliposikia sehemu ya nane, jinsi wabaya wanavyomvizia yule kondakta, akaniuliza: "We baba, huyu mtoto si ndiye anayemlisha mama yake? Akifa, yule mama atakula wapi?"

Nikakosa jibu. Huyo mama nilimtaja mara moja tu, sehemu ya pili, tena mstari mmoja!

Doyle yeye alivumilia miaka miwili. Desemba 1893 akamtosa Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, amekumbatiana na adui yake Moriarty. Inasimuliwa kwamba wasomaji zaidi ya 20,000 walisusa jarida. Mwenyewe wala! Akaendelea na mambo yake.

Kilichokuja kumgeuza ndicho kinachonikuna, maana hazikuwa kelele za wasomaji peke yake. Mwaka 1901 alikuwa anapika kisa cha jibwa la kutisha katika nyika za Dartmoor, na mwanzoni hakikuwa cha Holmes kabisa. Kisa kikamdai mtu wa kukifumbua. Atunge mpya wa nini, na yule anaye? Akamwita, lakini kijanja: mambo yale yakawa yametokea kabla ya kifo. Marehemu akabaki marehemu.

Halafu zikaja pesa za wachapishaji wa Marekani. Mwaka 1903 Holmes akaibuka mzima, eti aliyekwenda na maji ni Moriarty peke yake. Wala haikuwa kazi ngumu, kwa sababu ile 1893 hakuna aliyeiona maiti. (Watunzi wenzangu, mmesikia hapo?) Kisa cha mwisho kilitoka 1927, miaka 40 tangu kile kitabu cha kwanza. Jumla riwaya 4 na hadithi fupi 56. Zile riwaya za historia alizozipenda, hebu muulize mtu wa mtaani kwako akutajie hata moja.

Ila Holmes ana ndugu hadi Unguja. Muhammed Said Abdulla, aliyetoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimtunga Bwana Msa, naye ni mpelelezi, naye ana kiko, naye ana rafiki wa kufuatana naye kila kona.

Mimi sehemu ya kumi imeshatoka. Kondakta yuko hai, amevunjika mkono tu, na mama yake nimemfungulia genge la nyanya na vitunguu. Mhariri ameagiza sehemu kumi nyingine. Kitabu changu kiko kwenye daftari, ukurasa wa sita.