Orodha ya safari ya Unguja iliyokosa jina la baba

Kwa miaka mitatu familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, imekuwa ikipanga kwenda Unguja na haijawahi hata kukata tiketi ya boti. Baba ni dereva wa lori: anapakia mzigo bandarini, anavuka Tunduma, anaikata Zambia hadi Lubumbashi. Mama ni fundi cherehani. Watoto ni wawili, kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka huu na mdogo wake wa kike aliye darasa la tatu.

Mwaka wa kwanza kibubu kilivunjwa kwa ajili ya matibabu ya mama mkwe, na hakuna aliyenung'unika. Mwaka wa pili na wa tatu fedha ilikuwapo, aliyekosekana ni baba. Tarehe ilipofika lori lilikuwa kwenye foleni ya mpakani, mama akaahirisha, na kufika Januari fedha ikawa imegeuka sare na madaftari.

Safari hii mama aliona hakuna tena nafasi ya kuahirisha. Kijana anasubiri kupangiwa shule ya sekondari na huenda akaenda bweni. Mtoto akishaingia bweni, Desemba zake za nyumbani unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Akaanza kupanga kwa makini, na mwalimu wake akawa jirani, bibi mmoja mzaliwa wa Makunduchi anayeuza samaki wa kukaanga. Mama alikuwa amekwisha chagua Jambiani kwa sababu ya picha alizoziona kwenye simu. Bibi akamuuliza swali ambalo picha hazikuwa zimemjibu: "Mwanangu, umetazama mwezi?"

Akamweleza kwamba pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa hukimbia mbali sana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndiyo siku za bamvua, na kuelekea saa nne au saa tano asubuhi mtoto aliyeamka na hamu ya kuogelea atakuta mchanga mtupu na kina mama wakihudumia mashamba yao ya mwani. Atasubiri hadi alasiri maji yarudi. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, bahari haikimbii hivyo, ila malazi yake yana bei. Mama alirudi nyumbani akachukua kalenda, akaweka alama kwenye siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Hakuibadili Jambiani. Alibadili ratiba: asubuhi za bamvua watoto watatembea mchangani au watapelekwa msitu wa Jozani kuona kima punju, na kuogelea kutakuwa jioni.

Hesabu nyingine zilikuwa nyepesi. Mtanzania analipa nauli ya boti kwa shilingi. Safari ni kama saa mbili, na Desemba bahari kwa kawaida ni tulivu kuliko Juni na Julai, upepo wa kusi unapovuma na wasiozoea kushinda na mifuko ya kutapikia. Wiki mbili za mwanzo wa Desemba, shule zikishafungwa, nyumba za wageni hazijapandisha bei ya Krismasi. Ukipiga simu, sema mapema kwamba wewe ni Mtanzania. Sehemu nyingi wana bei yake, lakini si wote watakaoitaja usipouliza. Mama alipata chumba kimoja kikubwa chenye jiko, samaki watanunua ufukweni. Teksi aliifuta kabisa. Daladala za kwenda shamba zipo, na watoto waliozoea kubanana kwenye gari za Mbagala hawatashangaa kitu.

Usiku mmoja alimwomba kijana aandike orodha ya vitu vya kubeba na ya watu wanaosafiri, aibandike nyuma ya mlango. Kijana akaandika kandambili, dawa ya mbu, cheti cha kuzaliwa. Upande wa watu akaandika: mama, mimi, mdogo wangu.

Mama aliiona, akanyamaza. Hakuna aliyemtuma kuandika vile, na hakukuwa na hasira ndani yake. Kijana alikuwa ameandika anachokijua. Alikuwa ameacha kuuliza baba anarudi lini tangu mwaka jana, na watu wazima nyumbani walidhani amekua.

Baba aliikuta karatasi hiyo alipokuja kulala siku tatu kati ya mzigo na mzigo. Aliisoma akiwa anavaa viatu. Hakumwambia mtoto lolote, lakini jioni alimuuliza mkewe kama tajiri anaweza kulazimika kumpa ruhusa. Mama alikuwa na jibu tayari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka. Kwa miaka yote ya usukani, mume huyu hajawahi kuchukua hata siku moja iliyoitwa likizo.

"Sheria iko kwenye karatasi, mama watoto," alisema. "Nikirudi nitamkuta mwingine ameshika usukani, na mahitaji ya shule ya huyu kijana utayatoa kwenye cherehani?"

Hofu hiyo ina msingi. Madereva wengi wameona mwenzao akiomba wiki moja na kuipata moja kwa moja. Mama hakubishana. Alimwambia tu kwamba tarehe haibadiliki tena, chumba ameshalipia kianzio cha watu wanne, na kama lori litachelewa watoto watatangulia, yeye afuate na boti ya siku yoyote.

Baba aliandika barua, ya kwanza ya aina yake, akaipeleka ofisini mwenyewe kabla ya kuondoka. Tajiri aliipokea, akasema ataangalia mizigo.

Wiki iliyopita alipiga simu akiwa Kasumbalesa, kwenye foleni. Barua haijajibiwa. Akaomba azungumze na kijana, akamuuliza maji ya huko Jambiani yana kina gani, kwa kuwa yeye, pamoja na nchi zote alizopita, hajui kuogelea. Kijana alicheka kwa sauti hadi mdogo wake akaja kusikiliza. Kisha akamwambia aje na bukta, asije akaingia baharini na jinzi.