Kosa la saa tatu

Nimepotea kidogo, na sababu ni mlima.

Mdogo wangu alipanda Mlima Kenya kupitia Sirimon, akilenga Lenana, mita 4,985. Sisi tulibaki hapa Chechelesi. Alikodi kidude kinachotuma mahali alipo kwa setilaiti kila dakika kumi, nami nikaandika ukurasa mdogo wa kumwonyesha kwenye ramani. Usiku wa mwisho nikaongeza mstari mmoja kwa ajili ya mama: alama ya mwisho imetumwa lini.

Saa kumi na moja alfajiri mama akaniamsha, simu mkononi. "Mbona hasongi?" Mstari wangu ulisema: saa 3 na dakika 10 zilizopita. Nikanyamaza. Mei 2024, Cheruiyot Kirui alipofia Everest, habari zilianza hivyo hivyo, mawasiliano kukatika.

Kisha nikaona alama yenyewe iko mita 4,700. Lakini walipanga kutoka kambi ya Shipton saa tisa; saa nane kasoro alikuwa bado amelala! Kidude kinatuma saa za UTC, mimi nikazitoa kwenye saa zetu zilizo mbele kwa saa tatu. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, na eti mimi nalipwa kwa kazi hii.

Nikamweleza mama. Hakujibu. Kulipopambazuka alikuwa uani akiutazama mlima, mawingu hayajaufunika bado. Simu ikalia, upepo mtupu, kisha sauti ya mdogo wangu kutoka kileleni.

Mama aliuliza swali moja tu: "Umevaa glavu?"