Veranda ya Mama na Kosa Lililojificha Chini

Wiki mbili hizi nimekuwa nyumbani Kibirichia, nimeshika msumeno badala ya kibodi.

Nyumba yetu ni ya mbao, kama nyingi za huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mbele kuna veranda ya mbao iliyoinuliwa futi mbili hivi juu ya nguzo sita. Marehemu baba aliijenga mwaka 1998, mimi nikiwa bado natambaa. Hapo ndipo Mama huketi jioni akichambua mbegu za viazi.

Kwa miaka miwili, kila nikija nilikuta ubao umelegea. Naung'oa, napigilia mpya, napaka oili chafu, narudi Nairobi nimeridhika. Novemba, katikati ya mvua, Mama akapiga simu: "Mwanangu, veranda yako imenimeza." Kona moja ilikuwa imetitia, ubao ukakatika, mguu ukazama hadi gotini. Bahati nzuri alichubuka tu. Lakini aibu ilinishika. Mimi ambaye kazini huwakemea wenzangu wanaoziba hitilafu bila kutafuta chanzo chake!

Safari hii nililala chali chini ya veranda na bisibisi mkononi. Nikadunga mbao za juu: ngumu. Boriti: ngumu. Nguzo, pale zinapoingia ardhini: bisibisi ilizama kama kwenye ugali. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji maji na hewa kwa pamoja. Chini sana udongoni hewa ni haba, juu maji hukauka haraka. Pale mpakani vyote vipo. Mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20 kwa kawaida haiozi, lakini hizi zilinyeshewa na maji yote ya paa.

Basi mimi na fundi tukaiinua veranda kwa jeki ya gari. Tukamwaga zege, tukasimamisha ndani yake vyuma, na nguzo mpya tukazifunga kwenye vyuma hivyo ili zisiguse udongo. Kati ya ubao na ubao tukaacha nafasi ya unene wa msumari maji yapite. Ya paa sasa yanaingia tangini kwa mfereji wa bati.

Nguzo tano, zote za saipresi, zilikuwa zimeoza. Ya sita, chini ya kiti cha Mama, ilikuwa nzima kabisa. Fundi akaikwangua, akanusa. "Hii ni mtarakwa," akasema. "Mzee wako alijua." Pengine Baba alikuwa na kipande kimoja tu cha mti huo, akachagua pa kukiweka. Tumeiacha palepale.

Ndugu msomaji, ubao ukilegea mara ya pili mahali palepale, weka nyundo chini, uchukue bisibisi uanzie kwenye nguzo.

Kwa leo naishia hapa. Mama anauliza kama mbao zilizobaki zitatosha banda la kuku.