Ulipangiwa Wapi?

"Ulipangiwa wapi?" Hilo ndilo swali nililolisikia kuliko jingine lolote nilipoanza kuzungumza na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi mwenye kinasa sauti cha kaseta na jarida dogo la kujaza. Wazee wakikutana Mlimani, kwenye kampasi ya chuo, waliulizana hivyo kama jamaa wanavyoulizana ukoo. Ukishataja kituo chako cha kwanza cha kazi, Songea, Kigoma, Wizara ya Kilimo, Tazara, mwenzako ameshakujua nusu. Mengine yote, ndoa, watoto, vyeo, maradhi, kustaafu, yalisimuliwa kuanzia hapo.

Jarida lile lilikufa zamani, lakini mazungumzo sikuyaacha. Nimekaa na watu hawa kwenye baraza za nyumba zao, maofisini, na kwenye kumbi za Mlimani ambako wahitimu hualikwa kuongea na wanafunzi. Nimeliona swali lile likififia mpaka likapotea, na lilipopotea, vizazi viwili, cha waliopangiwa kazi na cha wasiopangiwa, vilianza kushindwa kuelewana. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Kwa waliosoma mwanzoni lilikuwa swali la kawaida kabisa. Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Julie Manning, mwanamke pekee katika darasa lile, baadaye alikuwa Waziri wa Sheria. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, na kwa miaka mingi baada ya hapo nchi ilikuwa na njaa ya wasomi: kulikuwa na ofisi walizoziacha Waingereza, shule mpya, na mashirika ya umma yaliyoongezeka baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mchumi mmoja mstaafu aliniambia kwamba kabla hajafanya mtihani wa mwisho alishajua atakaa ofisi gani na mkubwa wake ni nani. Hakulisema kwa majivuno. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa.

Nafasi ile haikuwa zawadi, hata hivyo. Aliyesomeshwa na serikali alijifunga kuitumikia kwa miaka mitano, na mkoa hakuuchagua yeye. Mwaka 1966 ilipoamuliwa kwamba wasomi waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na kwamba kwa miezi 18 ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho. Mwalimu Nyerere aliwatimua zaidi ya 300, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwemo alinisimulia jinsi alivyorudishwa kijijini kwao. Baba yake hakumuuliza kitu. Kesho yake alfajiri alimkabidhi jembe. Mwaka uliofuata alipokelewa tena chuoni, akahitimu, akapelekwa mkoa ambao hakuwahi hata kupita. Alikaa huko miaka mingi na kuoa hukohuko. Nilipomuuliza kama hakuona anaonewa, alinishangaa. Nchi ilikuwa imemsomesha kwa jasho la wakulima, akasema, basi ilikuwa na haki ya kumtuma.

Mlango ulianza kufungwa taratibu. Mashirika ya umma yakayumba, mengi yakauzwa, watumishi wakapunguzwa, na kufikia miaka ya tisini mwanzoni serikali ilikuwa imeacha kuwa mwajiri wa kila mhitimu. Sisi tuliokuwa Mlimani wakati huo tulisomeshwa na watu waliopangiwa kazi, tukaandaliwa kwa ajili ya kupangiwa kazi, kisha hatukupangiwa. Namkumbuka mwenzetu mmoja aliyesoma sayansi ya siasa. Alihangaika na bahasha zake kwa muda mrefu, halafu mjomba wake akampa sehemu ya kibanda Kariakoo auze mitumba. Kwa miaka kadhaa aliwaambia wateja kwamba ameishia darasa la saba, wasije wakamcheka. Nilipotaka kumrekodi alikataa. "Andika habari za wenye ofisi," aliniambia. Leo ana maduka na amewasomesha wadogo zake wote, lakini kwenye mikutano ya wahitimu hajakanyaga. Mwenye shahada anayeuza nguo hakuwa na mahali pa kujiweka mbele ya swali la ulipangiwa wapi.

Walimu na watu wa afya waliendelea kupangiwa kwa miaka mingine mingi, na kwa hiyo watoto wa maskini walikimbilia ualimu. Ilikuwa hesabu ya busara. Ukipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, ukamaliza shahada ya ualimu, unasubiri majina yatoke, unafunga mizigo. Kufikia mwaka 2015 hivi uhakika huo nao uliisha. Wahitimu wa ualimu wakaanza kubaki mtaani, wengine wakijitolea kufundisha bila mshahara kwa matumaini kwamba siku nafasi zikitangazwa watakumbukwa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka mama mmoja mwalimu mstaafu, aliyehitimu mwaka 1974. Nyumbani kwake ana faili la kijani analolitunza sandukuni, chini ya vitenge. Ndani mna barua yake ya kupangiwa kazi, imepigwa kwa taipureta ambayo herufi zake za "e" zimeziba kwa wino, imekunjwa mara tatu, kingo zimeliwa na mende. Pamoja nayo kuna nakala ya waranti ya safari ya kwenda Songea. Kwa karatasi hizo mbili binti wa miaka 23 alisafiri bila kutoa senti ya nauli, akapokelewa na mkuu wa shule kituo cha basi, akapewa nyumba yenye kitanda, meza na taa ya chemli. Mwezi ulipoisha alimtumia mama yake hela kwa posta.

Miaka michache iliyopita alialikwa kuzungumza na wanafunzi wa ualimu, nami nikaenda kusikiliza. Ukumbi mzima ukamwamkia, akaitikia, "Marahaba, wanangu." Alikuwa ameandika hotuba kwa mkono, kurasa kadhaa, kuhusu nidhamu na wito. Hakufika mbali. Msichana mmoja wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono.

"Mama, samahani. Ulipomaliza chuo ulikaa nyumbani muda gani kabla ya kupata kazi?"

"Nyumbani?" Mama alidhani hakusikia vizuri. "Sikukaa, mwanangu. Barua ilinikuta bado niko bwenini."

Ukumbi ukaangua kicheko, wala hakikuwa cha dharau. Lakini yule msichana hakucheka. Akaeleza kwamba dada yake amesoma ualimu wa hisabati na jiografia, amehitimu mwaka 2016, na mpaka siku ile alikuwa anajitolea katika shule ya kata kwa posho inayochangwa na wazazi. Mama akazikunja zile kurasa akaziweka kwenye mkoba. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kumuuliza yule binti: dada yako analala wapi? Wazazi wanachanga kiasi gani? Anafundisha vipindi vingapi kwa wiki? Saa nzima iliyofuata ilikuwa ya maswali yake yeye, na wanafunzi walimjibu kwa uwazi ambao sijauona tena katika kikao cha aina hiyo. Kwangu mimi hayo ndiyo mazungumzo bora kuliko yote niliyohudhuria.

Nasema hivyo kwa sababu nimehudhuria mengi ya namna nyingine. Mhitimu anasimama, amevaa suti, anasimulia alivyopanda ngazi kwa bidii na kumcha Mungu, kisha anawageukia vijana: msichague kazi, jiajirini. Nakiri kwamba bidii ilikuwepo. Lakini mtu aliyesomeshwa bure, akaandikiwa barua ya kazi na kusafirishwa hadi kituoni, kisha akala mshahara wa serikali kwa miaka 30, hana haki ya kumwambia kijana mwenye deni la Bodi kwamba tatizo lake ni uvivu. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walifika Uwanja wa Taifa kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Nimezungumza na mmoja wao. Aliketi majukwaani juani pamoja na waliosoma naye, waliomtangulia na waliomfuata, kila mtu na bahasha yake mapajani. Ukiwaita wavivu watu waliokwenda kukaa juani vile, umewatukana.

Maswali ya wanafunzi nayo yamebadilika. Siku hizi mhitimu kijana akija anaulizwa: unakatwa Bodi kiasi gani? (Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016 makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mtu mwenye mshahara wa kuanzia anayahisi.) Anaulizwa mtaji aliupata wapi, kama alikuwa na mtu ndani, alijaza maombi mangapi mtandaoni kabla ya kuitwa, na mkataba wake ni wa muda gani. Baadhi ya wahitimu wazee huyaona maswali haya kuwa utovu wa adabu. Mimi nayaona kuwa ya heshima kubwa, kwa sababu anayeuliza anaamini kwamba utamwambia kweli.

Isitoshe, wanaouliza nao wana mengi ya kufundisha. Kijana mmoja wa jiolojia alinionyesha daftari lake la biashara. Kila bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia anatenga kiasi, ananunua viatu vya mtumba soko la Karume, anavisafisha kwa mswaki na sabuni ya unga, anavipiga picha kwenye ukuta mweupe wa nyuma ya bweni, anauza kwa simu. Jozi zilizouzwa kaziwekea alama ya buluu, zilizorudishwa nyekundu, na pembeni kaandika sababu ya kila aliyerudisha. Anaipenda jiolojia na anataka kuifanya maishani. Viatu vinamlipia chakula na vinamsaidia mdogo wake kidato cha nne. Aliponieleza haya hakushusha sauti wala hakuficha elimu yake, na nilimfikiria yule mwenzetu wa Kariakoo.

Kwa hiyo, ndugu mhitimu mwenzangu, ukialikwa kwenda kuzungumza na wanafunzi, nenda. Waambie nani alikulipia ada, nani alikuandikia barua, ulikaa muda gani bila kazi na nani alikulisha wakati huo. Wape nafasi ya kusimulia na wao, na uwasikilize mpaka mwisho. Na kama ofisini kwako kuna nafasi hata moja ya mafunzo kwa vitendo, itangaze palepale kabla hujaondoka.