Mgeni Hupewa Jembe

Msafiri atokaye Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Webuye haoni mpaka, ila mahindi na miwa. Hata hivyo, uchaguzi wa Agosti 2022 uliuchora mpaka huo. Trans Nzoia ilimchagua Gavana George Natembeya kwa tiketi ya DAP-K, chama kipya kilichonadiwa na Eugene Wamalwa. Bungoma ikamchagua Kenneth Lusaka wa FORD-Kenya, chama cha simba.

Simba huyo naye aliwahi kuwa mchanga. Alizaliwa 1992, FORD ya awali ilipogawanyika. Akafiwa na Jaramogi Oginga Odinga 1994, kisha Kijana Wamalwa, kaka yake Eugene na mbunge wa Saboti, 2003. Hakuzikwa nao.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 hukitaka chama kipya kiwe na wanachama 1,000 katika kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Hiyo ni hodi tu. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkulima wa Kitale angojaye mbolea na bei ya mahindi haulizi chama kilizaliwa lini. Huuliza kitalima nini, na kama kitabaki shambani waanzilishi wakishaondoka.