Simu Iliganda, Nikamlaumu Asiye na Kosa



Leo sizungumzii lesi wala hina. Nazungumzia simu, na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo kidogo liharibu harusi za watu.

Mimi nimeishia sekondari, nikasomea ushoni, nikaanza na cherehani moja barazani kwa mama. Alhamdulillah sasa tuko watano, mimi na mabinti wanne. Zamani vipimo tuliandika kwenye daftari. Baadaye nikaona twende na wakati, nikanunua simu ya kazi. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, picha ya mshono anaoutaka mteja, vyote humo. Nikamkabidhi binti mdogo kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiijua.

Ikafika Shaaban, na Shaaban ya kwetu mnaijua: kila mtu anataka aolewe kabla ya Ramadhani. Nilikuwa na magauni 11 hayajakatwa. Simu nayo kila ikiwashwa inaleta ujumbe wa kusasisha programu, hiyo tunayoita apdeti. Nikamwambia binti, "Hebu limalize hilo, linanisumbua." Akabonyeza kukubali. Simu ikazima, ikawaka, ikaganda pale pale kwenye nembo. Fundi simu akasema hapana njia ila kuiflashi, na ikiflashiwa kila kilichomo kinafutika. Kikafutika.

Dada zangu, nilimfokea yule mtoto wa watu mbele ya wateja wawili. "Nani kakutuma kugusa usichokijua?" Hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kutunga shanga, machozi yanamdondokea kwenye kitambaa cha mtu.

Usiku usingizi haukuja. Nikaifungua simu yangu kutafuta kama kuna kipimo chochote nilichotumiwa. Nikakuta sauti yake ya wiki tatu nyuma: "Dada, simu imejaa, na inataka kuapdeti. Tuhamishe vipimo kwanza kwenye daftari, isije ikatuharibikia." Na chini yake jibu langu, neno moja: "Tutaona."

Wazee wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mara hii mkuu ndiye ambaye hakusikia, na guu likataka kuvunjika la wengine.

Asubuhi nilisubiri tukae sote. Nikasema mbele yao kwamba kosa lilikuwa langu, yeye alinionya na mimi ndiye niliyemtuma. Nikampigia simu mmoja wa wale wateja wawili, na wa pili nikamfuata kwao, nikawaambia hivyo hivyo. Niliona kuwa nikimvunjia mtu heshima hadharani kisha nikamtaka radhi jikoni, deni litakuwa bado sijalilipa.

Tukaanza kuwapigia mabibi harusi, warudi kupimwa. Wawili walikasirika, na wana haki. Mmoja alikuwa ameshakwenda Pemba, ikabidi shangazi yake ampime kwa tepu huku mimi nawaelekeza kwa video. Mwingine tulipompima tena tulikuta amepungua inchi mbili kiunoni. Kile kipimo cha zamani kingetupa gauni la kumpwaya siku ya nikaha. Mungu ana hekima zake.

Tangu hapo nikawa nasoma khabari za teknolojia, ambazo zamani nilikuwa nikizipita tu. Nikaona kuwa hata wakubwa yanawafika. Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya ulinzi wa kompyuta iitwayo CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro kwa wateja wake duniani. Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliganda. Ndege hazikuruka, na hospitali zikakwama. Sasisho lile lilirudishwa baada ya saa moja na ushei, lakini kompyuta zilizokwisha kuganda nyingi zilihitaji mtu akazitengeneze moja moja kwa mkono. Mkuu wa kampuni, George Kurtz, alijitokeza siku hiyo hiyo akaomba radhi. Baadaye wakasema masasisho ya namna ile yatakuwa yanatoka kwa awamu, yaonekane kwa wachache kwanza.

Sasa usiseme, "Basi mimi siapdeti tena." Kuna Ijumaa nyingine, tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi na kudai pesa. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Na dawa ya tundu lile Microsoft walikwisha kuitoa mwezi Machi mwaka ule ule. Waliochelewa kuiweka ndio walioumia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nikacheka peke yangu, maana mambo haya fundi wa nguo anayajua. Mshono ukianza kufumuka huuachi mpaka kanzu ipasuke. Lakini pia hukati lesi ya bei mbaya bila kujaribisha kwanza kwenye kitambaa rahisi. Kwa simu nilikuwa nimesahau ninachokifanya kila siku kwa mkasi.

Siku hizi kwetu vipimo vinaandikwa mahali pawili, kwenye simu na kwenye daftari. Simu haiapdetiwi wiki yenye harusi. Inaapdetiwa ikitulia kazi, ina chaji, ina nafasi, na nakala imeshatolewa. Na kila Jumamosi tunakaa dakika chache, anaanza kusema mdogo, mimi nasema mwisho. Nikianza mimi, wengine wote wananikubalia tu. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushauriana, na sura nzima imeitwa Shura. Sikuona pahala palipoandikwa kuwa ushauri ni wa wakubwa peke yao.

Liko moja bado linanitia baridi. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha za mabibi harusi wakijaribisha magauni, bila ya shungi. Nami niliipeleka mikononi mwa fundi mwanamme nisiyemjua. Zilifutika, lakini ingefunguka je? Ile ni amana, na ingenipotea kwa uzembe. Sasa picha ya kujaribisha tunaipiga kwa simu ya bi harusi mwenyewe. Nawe bi harusi, ukienda kwa fundi yeyote, muulize vipimo vyako vinakaa wapi na picha zako anazishika nani. Usione haya.

Yule binti bado ninaye. Simu bado anaishika yeye, na akinitumia sauti naisikiliza mpaka mwisho kabla sijajibu. Lile neno "tutaona" nimeliacha.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wasikivu kwa walio chini yetu, na azitie baraka ndoa zenu. Amin.